Taroti ya ajabu ajabu: namna ya kuipima kabla hujafungua pochi

Mjomba wangu hajui taroti. Yeye ni mcheza karata wa barazani, wa zile zinazopigwa chini kwa kishindo mpaka vikombe vya kahawa vinaruka. Siku moja alinikuta nimetandaza pakiti yangu mezani, akaokota karata moja yenye sarafu tano, akaigeuza huku na huku, akauliza: "Sasa hii si uru?" Nikacheka. Nikamwambia, hapana mjomba, hizi ni za Wazungu, za kutazamia. Akaokota nyingine, ina panga. "Na hii shupaza." Hapo nikaacha kucheka.

Baadaye nilipochimba nikaona mzee alikuwa amenipiga bao. Majina yetu ya karata yametoka kwa Wareno: kwao copas ni vikombe, espadas ni panga, ouros ni dhahabu, paus ni magongo. Sisi tukasema kopa, shupaza, uru na pau. Karata za madukani siku hizi zina alama za Kifaransa, moyo na ua na kadhalika, lakini midomo yetu bado inataja vikombe na panga. Taroti ndiyo iliyobaki na zile picha za zamani. Hata turufu ni vivyo hivyo: tumeitoa kwenye trunfo la Kireno, ndugu wa trionfi la Kitaliano, na trionfi ndilo jina zilizopewa karata kubwa za taroti huko Italia ya kaskazini katika karne ya 15, wakati taroti ilikuwa mchezo wa karata kama michezo mingine. Kwa hiyo humu nitasema kopa, shupaza, uru, pau na turufu. Ni majina yetu, na yana umri.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuionja taroti kidogo, sasa ameona mahali pakiti ya ajabu: ya duara, ya ndege watupu, nyeusi tii isiyo na sura ya mtu, yenye karata za ziada, yenye majina mapya. Inamvutia, ila bei na gharama ya kuisafirisha vinamfanya asite. Nimenunua za namna hiyo kadhaa, na nyingine nilizijutia kabla sijamaliza kuvua nailoni. Siku hizi nauliza swali moja tu: kila kilichobadilishwa kinanilipa nini? Maana kila jina jipya ni kazi ya kukariri, na kila umbo jipya ni taabu ya mikono. Kinacholipa kodi kikae, kisicholipa kihame.

Uwe unaamini kwamba karata zinaiona kesho, au unazitumia kama kioo cha kujitazama mawazo, hatua ni zile zile. Mimi ni wa kundi la pili. Na kama kwenu jambo hili linahesabiwa kuwa ramli, hilo haliwezi kuamuliwa hapa. Mama yangu mpaka leo hataki kuziona sebuleni, naye akija zinaingia kabatini.

1. Pata mizani kwanza

Huwezi kusema shuka ni fupi kama hujui urefu wa kitanda. Kabla ya kupima kioja, uwe na pakiti ya kawaida karibu, hata ya kuazima. Ninayoipendekeza ni ile iliyotolewa London mwaka 1909 na mchapishaji William Rider. Mpango ulikuwa wa Arthur Edward Waite, picha zilichorwa na Pamela Colman Smith. Pakiti nyingi zinazochapwa leo, hata zile za paka na za vinyago, zimekaa juu ya mifupa ya hii.

Huyo Pamela anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa. Novemba 1909 alimwandikia mpiga picha Alfred Stieglitz wa New York kwamba amemaliza kazi kubwa kwa pesa kidogo sana. Alifariki mwaka 1951. Kwa miongo mingi pakiti iliitwa kwa jina la mchapishaji na la Waite, la mchoraji likaachwa. Siku hizi wengi wanamalizia na Smith.

Nalitaja hili kwa sababu nyingine pia. Kabla ya 1909, karata ndogo za taroti, zile za namba za kopa, shupaza, uru na pau, kwa kawaida hazikuwa na picha za watu: saba ya kopa ilikuwa vikombe saba, basi, kama karata za mjomba. Kulikuwa na mfano wa kale wa kuchora kila karata, pakiti ya Kitaliano iitwayo Sola Busca ya mwishoni mwa karne ya 15, na Makumbusho ya Uingereza yalipata picha zake mwaka 1907. Tatu ya shupaza ya Sola Busca ina moyo uliochomwa panga tatu. Tatu ya shupaza ya Pamela nayo ina moyo uliochomwa panga tatu. Yaani hii tunayoiita kawaida ilikuwa kioja cha wakati wake. Usiikatae pakiti kwa sababu ni ngeni tu.

2. Hesabu, kwa mkono

Taroti kamili ina karata 78. Turufu ni 22, pamoja na Mpumbavu ambaye kwa kawaida hana namba au ana sifuri. Zilizobaki 56 ni familia nne (kopa, shupaza, uru na pau) za karata 14 kila moja: moja mpaka kumi, kisha wakubwa wanne, ambao ni kijana, mpanda farasi, malkia na mfalme. Karata zetu za kuchezea hazina huyo mpanda farasi, wanabaki ghulamu, bibi na mfalme.

Ikizidi au ikipungua, uliza kwa nini. Historia inaruhusu: huko Italia, Florence walikuwa na taroti iitwayo minchiate ya karata 97, Bologna wanayo ya karata 62. Pakiti ya Osho Zen ya mwaka 1994 ina 79, imeongezwa moja. Nyongeza yenye sababu haina ubaya. Lakini ukikuta "taroti" ya karata 36 au 44 isiyo na familia nne, hiyo siyo taroti, ni karata za kutazamia za aina nyingine. Lenormand, kwa mfano, ni 36 na ina heshima yake na kanuni zake. Ninachokataa ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na uhesabu moja moja, usiliamini boksi. Niliwahi kuagiza pakiti kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, nikaitumia miezi miwili nikijiuliza mbona Nyota, turufu ya matumaini, hainitokei kamwe. Nilikwisha anza kujitungia maelezo, kwamba labda mwaka huu si wa matumaini. Siku nilipohesabu nikakuta nane za kopa mbili na Nyota haimo. Zipange kwa familia, kutoka moja mpaka mfalme, na turufu kwa namba zake. Dakika kumi zinatosha.

3. Andika kilichobadilishwa

Chukua daftari, piga mistari, fanya safu tatu: kilichobadilika, kilikuwa nini, kinanipa nini. Safu ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo mwamuzi wako.

Anza na turufu namba 8 na 11. Kwenye pakiti za Marseille, ukoo wa zamani wa Kifaransa, Haki ni 8 na Nguvu ni 11. Waite alizibadilisha, Nguvu ikawa 8 na Haki 11. Hapo tu unajua pakiti yako imefuata ukoo gani, na kwamba kitabu cha ukoo mmoja kinaweza kukuchanganya ukikitumia na pakiti ya ukoo mwingine.

Halafu majina. Mfano wa mabadiliko mazito ni pakiti ya Thoth, iliyopangwa na Aleister Crowley na kuchorwa na Lady Frieda Harris kati ya 1938 na 1943, ikachapwa kama karata mwaka 1969, wote wawili wakiwa wameshafariki. Turufu ya Kiasi ikaitwa Sanaa, Hukumu ikageuzwa kuwa Zama, Nguvu ikapewa jina la tamaa ya mwili. Wakubwa wake ni mpanda farasi, malkia, mwana wa mfalme na binti mfalme. Mfalme hayupo, na mpanda farasi ndiye anayekaa kwenye kiti chake. Mtu aliyezoea pakiti ya 1909 atamsoma huyo mpanda farasi kama kijana mwenye haraka, kumbe ni baba mwenye nyumba. Je, inalipa kodi? Kwangu inalipa, kwa sababu ukiangalia picha ya Sanaa, mtu anayechanganya maji na moto ndani ya chungu kikubwa, unaona kweli kwamba "kiasi" lisingetosha. Jina limebadilika kwa kuwa wazo limebadilika.

Linganisha na pakiti zinazobadilisha majina kama mtu anayebadilisha mapazia. Mfalme ameitwa "Mlinzi", malkia "Mlezi", uru zimekuwa "Mawe", pau zimekuwa "Miali", na ukitazama picha, ni mfalme yule yule kwenye kiti kile kile, kavuliwa taji. Safu ya tatu inabaki tupu. Nikipata safu tupu tano mfululizo, naanza kulifunga boksi.

4. Funika jina, tazama picha

Hapa usiwe na haraka. Pakiti ya ajabu inasimama au kuanguka kwenye karata zake ndogo. Turufu kila mchoraji anazipenda, Mauti na Mnara na Mwezi vinajichora vyenyewe. Ukitaka kujua kama amefanya kazi, nenda kwenye tano, sita na saba.

Chukua tano ya kopa ya Pamela kwanza. Mtu amejifunika joho jeusi, kainamisha kichwa. Mbele yake vikombe vitatu vimeanguka, kilichokuwemo kimemwagika. Nyuma yake viwili vimesimama wima, na yeye hajageuka. Kwa mbali kuna mto, una daraja, na ng'ambo kuna nyumba. Huhitaji kitabu. Mtu yeyote aliyewahi kufiwa, au kuachwa, au kufilisika, anaweza kukaa na picha hii akaisimulia: kimemwagika kipi, kimebaki kipi, daraja liko umbali gani. Hiyo ndiyo picha inayofanya kazi.

Sasa weka kando yake tano ya kopa ya pakiti yako mpya. Funika jina kwa kidole. Jiulize: nani yumo, anafanya nini, kitu gani kinakaribia kutokea? Ikiwa huwezi kujibu hata moja, funua jina. Ikiwa bado huwezi, karata hiyo ni kadi ya salamu. Fanya hivyo kwa karata kumi ulizozitoa bila kuchagua, zote kutoka karata ndogo. Mimi nahitaji sita kati ya kumi zinipe sentensi moja ya maana bila msaada. Sita si namba takatifu, ni kiwango changu, wewe weka chako. Muhimu ukiweke kabla ya kuanza, maana pakiti ukiipenda utaitetea kama mtoto wako.

Nilikuwa na pakiti ya ndege, mchoro wake ni wa kupendeza mno. Tano ya kopa: ndege watano kwenye tawi. Sita ya kopa: ndege sita kwenye tawi. Unaona inakokwenda.

Siyo lazima pawe na hadithi, lakini. Thoth haina watu kwenye karata zake ndogo zenye namba. Tano yake ya kopa ni vikombe vitupu na maua ya yungiyungi yanayonyauka juu ya maji yaliyotulia, na chini imeandikwa neno moja lenye maana ya kuvunjika moyo. Rangi peke yake inakutia unyonge kabla hujasoma neno. Hiyo nayo ni njia. Na pakiti za Marseille, zenye alama tupu, zina wasomaji wake wanaofuata namba na mpangilio kama mjomba anavyofuata turufu zilizokwisha toka. Ukinunua ya namna hii ujue umenunua sarufi, picha za hadithi hukulipia.

5. Hesabu na vilivyochorwa

Hatua hii sikuwa nayo zamani. Siku hizi pakiti nyingi picha zake zinatengenezwa na akili mnemba, na nyingine hazisemi. Nenda kwenye kumi ya shupaza, hesabu panga. Kwenye nane ya pau, hesabu fimbo. Tisa ya kopa, hesabu vikombe. Nimekuta kumi yenye panga kumi na mbili, mbili kati yake zikiwa hazina mpini. Tazama mikono: vidole sita, au kidole kilichozama ndani ya kikombe. Tazama herufi zilizo kwenye bendera au vitabu ndani ya picha, mara nyingi ni michoro tu inayojifanya maandishi.

Unaweza kuniambia kosa la panga mbili halina neno. Lina neno. Namba ya karata ni nusu ya maana yake. Aliyeuza kumi yenye panga kumi na mbili hakuitazama hata mara moja.

6. Ishike

Karata za kawaida za taroti zina kama milimita 70 kwa 120, kubwa kuliko za kuchezea. Mtu mwenye kiganja kidogo tayari anahangaika nazo. Pakiti ya ajabu ikiongeza ukubwa au umbo, mikono yako ndiyo itakayolipa.

Mfano ninaoutumia mwenyewe ni Motherpeace, pakiti ya duara iliyobuniwa na Vicki Noble na Karen Vogel huko California, ikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila karata ni mviringo kamili, kama sahani ndogo. Siku ya kwanza zilinitoka mikononi, moja ikaviringika mpaka chini ya friji, nikaifuata na ufagio. Huwezi kuzichanga kama karata za barazani. Inabidi uzimwage zote mezani, uzikoroge kwa viganja viwili kama mtu anayepepeta mchele kwenye ungo, kisha uzikusanye. Kwenye meza ndogo, kazi.

Lakini tazama duara linalipa nini. Karata ya mstatili ina hali mbili, imesimama au imepinduka. Ya duara inaweza kuegemea kushoto kidogo, kulia sana, au kulala kabisa. Waliounda pakiti wanataka uisome mielekeo hiyo: inaelekea kujaa au inaelekea kupungua. Mpumbavu wake amesimama kwa mikono, miguu juu, kwa hiyo hata neno "kichwa chini" limepoteza maana yake ya kawaida. Umbo limebadilisha namna ya kusoma. Niliandika hivyo kwenye safu ya tatu, na ilikuwa mara ya kwanza safu ile kujaa kwa sentensi nzima.

Kwa zilizobaki, fanya hivi. Kunja karata moja taratibu mpaka nusu ya upinde, iachie, uone kama inarudi au inabaki na mgongo. Karatasi ya gramu 300 hadi 350 kwa mita ya mraba huwa inatosha, lakini namba hiyo haisemi lolote kuhusu ubora wa nyuzi, hivyo amini vidole. Sugua uso: zile zinazong'aa kama kioo zinagandana joto likipanda, na sisi wa mwambao tunajua masika yanavyofanya hata kurasa za vitabu. Pakiti yangu moja ya kingo za dhahabu ilitoka kabatini mwezi wa Mei ikiwa tofali. Nilizibandua moja moja kwa kisu cha siagi, dhahabu ikabaki kwenye kisu.

Geuza migongo pia. Mgongo wenye juu na chini unakuonyesha ipi imepinduka kabla hujaifunua. Kama husomi zilizopinduka, usijali.

7. Punguza taa

Weka karata tatu mezani usiku, chini ya balbu ya sebuleni, umbali wa mkono ulionyooka. Unatofautisha shupaza na pau? Pakiti nyeusi zenye mistari ya fedha zinapendeza kwenye simu kwa sababu simu ina mwanga wake. Mezani zinageuka vipande vya usiku. Kama una miwani ya kusomea, ivue. Utakayemsomea huenda hana.

8. Soma kijitabu, uone mwandishi kafanya kazi

Ukikuta kijitabu kinachokuja na pakiti kinaanza na makuhani wa Misri walioficha hekima yao ndani ya karata, jua mwandishi ametia nanga kwenye tope. Madai hayo aliyaeneza mwandishi Antoine Court de Gébelin mjini Paris mwaka 1781, zaidi ya miaka 40 kabla msomi wa Kifaransa Champollion hajatangaza mwaka 1822 namna ya kusoma maandishi ya kale ya Misri. Wala hakuwa na pa kuyathibitishia. Kinachochekesha ni kwamba Misri kweli ina mkono wake hapa, ila si ule: karata zenye vikombe, panga, sarafu na fimbo za polo, mchezo wa mpira wa juu ya farasi, zilitumika katika Misri ya Wamamluki, watawala wake wa zama hizo, na zinazofanana nazo ndizo zilizoingia Ulaya mwishoni mwa karne ya 14. Wazungu wasiojua polo wakageuza fimbo za mchezo kuwa magongo. Hakuna kuhani aliyehusika.

Kijitabu kizuri cha pakiti ya ajabu kinaeleza kwa nini. Kwa nini ndege mbuni yuko kwenye Gari la Vita, kwa nini pau zimekuwa moto wa jikoni. Kisipoeleza, kikakupa orodha ya maneno tu, "furaha, mafanikio, safari", umelipia orodha inayopatikana bure.

9. Nani amechorwa, na kwa ruhusa ya nani

Pakiti nyingi za "Kiafrika" zinazouzwa nje ni mavazi. Ushanga wa Kimasai shingoni, mlango wa Unguja nyuma, kinyago cha Afrika Magharibi mkononi, vyote kwenye karata moja, kana kwamba ni nyumba moja. Motherpeace yenyewe, ambayo nimeisifu, inachota picha kutoka tamaduni nyingi za kale, Afrika ikiwemo, na waliounda ni Wamarekani wawili weupe. Nikiitazama naona mapenzi, naona pia kuokotaokota. Nimeandika yote mawili kwenye daftari, sijaamua lipi lizidi.

Kipimo changu ni kidogo: tafuta kwenye pakiti kitu cha kwenu unachokijua vizuri kuliko mchoraji. Mimi natazama leso. Leso ina pindo, mji na jina. Nikikuta leso yenye pindo lakini pale penye jina pana mistari ya urembo, najua aliyechora alinakili picha, hakuuliza mtu.

10. Bei, na nakala za wizi

Pakiti za wachoraji wadogo zinaibiwa sana. Dalili: bei ya kutupa, karata zimepunguzwa ukubwa, rangi zimefifia au zimekolea kupita kiasi, kijitabu hakuna ila msimbo wa QR wa kuskani. Nenda kwenye ukurasa wa mchoraji mwenyewe uone anauza wapi.

Upande wa pili, michoro ya Pamela haina tena haki ya umiliki Uingereza tangu mwanzo wa 2022, miaka 70 ikiwa imetimia tangu afariki. Ndiyo maana zimejaa pakiti "mpya" ambazo ni zake zilizopakwa rangi nyingine. Ni halali kisheria. Ila usilipie bei ya kazi mpya.

11. Wiki moja ya maswali yenye majibu

Watu wengi huanza kwa "kuihoji" pakiti: wewe ni nani, umekuja kunifunza nini. Binafsi naona ni kumuuliza mgeni mahari kabla hajakaa. Mimi nafanya kinyume. Kila jioni, kwa siku saba, natoa karata tatu kuhusu jambo lililokwisha tokea siku hiyo, ninalolijua mwanzo na mwisho. Mfano: nilivyogombana na fundi wa bomba asubuhi. Naangalia kama picha zinanipa pembe ambayo sikuiona. Siku moja Motherpeace ilinipa karata iliyolala ubavu kabisa, si juu si chini, nikagundua kwamba ugomvi ule wala haukuwa umekwisha, tulikuwa tumenyamaza tu, na bomba bado lilikuwa linavuja. Nikampigia simu.

Siku zikifika saba, hesabu ni mara ngapi ulikimbilia kijitabu. Mimi zikizidi nusu, pakiti hiyo ni ya kutazama. Hakuna aibu. Taroti ya mchoraji Salvador Dalí ya mwaka 1984, ambamo yeye mwenyewe ndiye aliyechorwa kwenye turufu ya Mfanya Mazingaombwe, ningeiweka ukutani nisiiguse.

12. Mpe mcheza karata

Jaribio la mwisho nililipata kwa mjomba. Toa turufu zote 22, toa wapanda farasi wanne. Zinabaki 52, pakiti kamili ya kuchezea. Mpe mtu asiyejua taroti, mwambie kikombe ni kopa, panga ni shupaza, sarafu ni uru, fimbo ni pau, mcheze lasti kadi raundi mbili. Mchezo ule unataka ujue familia na namba kwa kutupa jicho tu. Ikiwa kila zamu anauliza "hii ni nini?", mchoraji amezificha familia mno, na wewe ukizitandaza kumi kwa mpigo utapata shida hiyo hiyo.

Ile ya ndege, mjomba aliiacha raundi ya kwanza haijaisha. Thoth aliicheza bila tatizo, akaniuliza tu nani kamfukuza mfalme. Motherpeace aliifungua mkononi ikakataa kufunguka kama upepeo, zikamtoka mbili, akazitazama zinavyoviringika kuelekea mlangoni.

"Familia zinaonekana," alisema. "Lakini hizi mwambie aliyezitengeneza aje achukue na sinia lake."